Dar hadi Nairobi kwa magari ya wazee wetu: shajara ya barabarani

Jumatano, gerejini

Siku nzima ya leo tumeshinda chini ya mwembe wa fundi wetu. Magari manne yamepangwa ubavu kwa ubavu, maboneti wazi, na kila anayepita njia anasimama kuuliza kama yanauzwa. Hayauzwi. Kesho alfajiri tunaondoka kwenda Nairobi.

Kikundi chetu kina watu kumi na mmoja. Hatuna ofisi wala muhuri. Tunakutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, tunatoa elfu kumi kumi za mfuko wa spea, tunakagua magari, tunakunywa chai na kurudi nyumbani. Miaka yote tumekuwa tukisikia habari za Concours d'Elegance ya Nairobi, maonyesho ya magari na pikipiki yanayoandaliwa na kilabu ya wenye Alfa Romeo tangu 1970, pale Ngong Racecourse. Safari hii tukasema basi, twende. Hatukujiandikisha kushindana. Tunataka kuona wenzetu wanatunza vipi, na tunataka kufika kwa magurudumu yetu wenyewe.

Magari ni haya. Peugeot 504 ya 1977, ile ndefu ya viti vya safu tatu, aliyoniachia marehemu baba. Land Rover 109 ya 1974, iliyofanya kazi kwenye shamba la mkonge kabla ya mwenzetu kuinunua ikiwa imeota majani. Datsun 120Y ya 1976. Na Volkswagen Beetle ya 1969 ya dada mmoja mwalimu wa sekondari, ambaye alilikuta gari hilo nyumbani kwao siku aliyozaliwa na hajawahi kumiliki lingine.

Fundi wetu tunamwita Babu. Ana miaka 71, na amekuwa chini ya magari tangu 1970. Amekubali kwenda nasi kwa sharti moja: kijana wake aje. Kijana ana miaka 20, anasoma ufundi magari VETA, na akichomeka kompyuta kwenye gari la kisasa anakuambia tatizo kabla hujamaliza kueleza. Lakini mpaka mwezi uliopita hakuwa amewahi kufungua distribyuta, kile kifaa cha magari ya zamani kinachogawa umeme kwenye plagi.

Sharti la Babu lina sababu. Mwaka jana tulimzika fundi wa kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, wa mtaa wa Gerezani hapa Dar. Alikuwa anasikiliza injini huku amefumba macho, anageuza skrubu robo mzunguko, basi. Wiki tatu baada ya msiba nilikwenda kuwauliza wanawe kuhusu makopo yake ya jeti na sindano za kabureta, makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa vitu ambavyo havipatikani tena mjini. Walikuwa wameshayauza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Siwalaumu, hawakujua. Hakuna aliyewahi kuwaambia ndani ya makopo yale kulikuwa na nini, na nilirudi nyumbani nikijilaumu kwamba hata mimi sikuwahi kukaa pembeni yake hata siku moja na kalamu.

Kwa hiyo kijana amepewa daftari.

Alhamisi, Dar hadi Mombo

Saa kumi na moja alfajiri tuko Tegeta. Tumechagua njia ya Bagamoyo, tukatize Makofia hadi Msata, kilomita 64 za lami nzuri ambazo zinatuepusha na foleni ya malori ya Chalinze. Gari lenye breki za ngoma linahitaji nafasi mbele yake, na kati ya malori nafasi hiyo huipati.

Mpangilio wetu ni rahisi. Beetle linaongoza kwa sababu ndilo la taratibu, Datsun nyuma yake, kisha mimi, na Land Rover inafunga mlango ikiwa imebeba jeki, kamba ya kuvutia, madumu ya maji na masanduku mawili ya spea. Mwendo ni kilomita 70 kwa saa. Vijijini tunashuka hadi 50, na askari wenye tochi za kupima mwendo wanatuangalia tunavyopita. Pale Mkata mmoja alitusimamisha, akakagua mitungi ya kuzimia moto na pembetatu, akazunguka Datsun mara mbili. "Baba yangu mdogo alikuwa nayo hii hii," akasema. "Rangi hii hii." Akatushika dakika ishirini kwa hadithi za huyo baba mdogo, na hakuna aliyetaka kuondoka.

Segera tulijaza mafuta. Hapo kijana akauliza swali zuri: kwa nini Babu aliing'oa silinda hedi ya Land Rover, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, wakati haikuwa imepasuka? Babu akaeleza, nami nikayaweka hapa kwa sababu wengi wanaofufua magari ya zamani hulipuuza jambo hili. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi ndani yake. Risasi ile ni sumu kwa binadamu, hasa watoto, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa. Kufikia mwanzoni mwa 2006 haikuuzwa tena kwenye vituo vyetu. Ilikuwa haki kuondolewa. Lakini ilikuwa pia inalainisha mahali valvu inapokalia, na injini za chuma cha kumimina zilitengenezwa zikiitegemea. Ukiziendesha kwa petroli ya leo, kwa safari ndefu na mzigo, kiti cha valvu kinalika kidogo kidogo, valvu inazama, nguvu inapotea. Dawa yake ni kupeleka hedi ikachongwe na kuwekewa viti vya chuma kigumu. Inafanyika mara moja na imekwisha. Kijana aliandika ukurasa mzima akiwa amesimama kando ya pampu.

Baada ya Korogwe milima ya Usambara inakuja upande wa kulia, na mashamba ya mkonge yanajipanga kama askari wa gwaride. Tumelala Mombo. Nilipenda tulale hapa. Baba alizaliwa huku, na alikuwa akinisimulia mashindano ya magari ya Safari Rally yalivyopita akiwa kijana: wiki ya Pasaka, watu wamejaa kando ya barabara toka usiku, vumbi likionekana mbali kabla ya gari kusikika. Safari ile ilianza 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na tena 1967 aliyeshinda alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, kwenye Peugeot 404. Mara mbili mfululizo! Nick Nowicki naye alishinda na 404 mwaka 1963 na 1968, na katika kila moja ya miaka hiyo miwili magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Baba alipoajiriwa na kupata uwezo wa kununua gari, hakujiuliza gari gani. Aliponunua 504 alikuwa ananunua kile alichokiona barabarani Mombo.

Asubuhi hii, kabla ya kuondoka, nitaliosha kwa maji ya hapa.

Ijumaa, Mombo hadi Arusha

Siku iliyonifundisha mengi kuliko zote.

Tulipita Mazinde, tukapita Hedaru. Saa nne asubuhi jua lilikuwa tayari limechachamaa, na upepo wa kule chini ya milima ya Upare ni mkavu, unaunguza midomo. Kabla hatujafika Makanya, Beetle likawasha indiketa, likaingia pembeni, likazimwa palepale. Dada alishuka akiwa mtulivu. "Taa nyekundu," akasema. "Nimezima hapohapo."

Kwa asiyejua: injini ya Beetle haina maji wala rejeta. Inapozwa kwa upepo wa feni, na feni imefungwa kwenye shafti ya jenereta, na jenereta inazungushwa na mkanda mmoja tu, fenibelti. Ukikatika, betri haichajiwi, ndiyo maana taa nyekundu inawaka. Lakini hatari yenyewe si betri. Hatari ni kwamba injini haipati upepo tena. Mwenye gari la kawaida akiona taa ya betri anaweza kujikongoja hadi mji ujao. Mwenye Beetle akifanya hivyo, anaua injini. Dada alifundishwa hilo na baba yake akiwa na miaka kumi na miwili, hata kabla ya kufundishwa kuendesha.

Mkanda ulikuwa umechanika, umebaki nyuzi. Tulikuwa nao mwingine. Babu akaegemea ubavu wa Land Rover, akakunja mikono. "Haya mwanangu," akamwambia kijana. "Fanya."

Kijana akapiga magoti nyuma ya gari. Puli ya jenereta ya Beetle ni sahani mbili zilizobanwa pamoja kwa nati moja kubwa, spana namba 21. Ukijaribu kuifungua hivi hivi, puli inazunguka nayo. Akahangaika. Akajaribu kuishika kwa kitambaa, ikateleza. Jasho likamdondokea kwenye eksozi likatoa mvuke. Babu hakusema kitu. Mimi nilitaka kusema, nikanyamaza.

Baada ya muda kijana akaona kile ambacho Babu alikuwa anasubiri akione: kwenye ukingo wa sahani ya ndani pana kijipengo kidogo. Akaingiza bisibisi kwenye kijipengo, akaiegemeza kwenye boliti la juu la jenereta, puli ikatulia tuli. Nati ikalegea kwa mkono mmoja.

"Eeeh," Babu akasema. Ndilo neno pekee alilolitoa.

Ndani, katikati ya zile sahani mbili, mna wosha nyembamba zilizopangwa kama chapati. Huko ndiko mkanda unakokazwa. Ukitoa wosha moja katikati, sahani zinasogeleana, mkanda unapanda juu, unakaza. Ukiongeza, unalegea. Zinazobaki hazitupwi, zinawekwa nje, chini ya nati, ili siku ya kuzihitaji ziwepo. Kijana akavaa mkanda mpya, akafunga, akaubonyeza kwa kidole gumba: umelegea mno. Akafungua, akatoa wosha moja, akafunga. Akabonyeza tena. Ukabonyea kama sentimita moja na nusu. Akamtazama Babu. Babu akainama, akabonyeza kwa kidole chake kilichojaa makovu, akaenda kuketi kwenye kivuli.

Dakika arobaini na tano, jua la Upareni, malori yakitupita na kututikisa. Wafugaji wawili walisimama na mbuzi wao wakatazama toka mwanzo hadi mwisho. Beetle lilipowaka na taa nyekundu ikazimika, mmoja wao alipiga makofi.

Kitu kingine nimekiona leo. Kijana alipomaliza hakuandika kwenye daftari. Alichora. Sahani mbili, wosha, kijipengo, bisibisi, na mshale. Mchoro ule una thamani kuliko maelezo yangu yote hapo juu.

Same tulikula wali na maharage, Himo tukakunja kushoto, Kilimanjaro ikiwa imejifunika mawingu, Moshi tukapita bila kusimama. Tumeingia Arusha jioni.

Bado Ijumaa, usiku, Arusha

Naongeza haya kwa sababu sijalala. Peugeot yangu ilianza kukohoa baada ya Moshi. Ikipanda mlima inasuasua, moshi mweusi nyuma, mafuta yanakwisha haraka. Babu alishajua tangu Dar kwamba itakuwa hivyo.

Gari lilitayarishwa usawa wa bahari. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, Nairobi karibu 1,800. Huku juu hewa ni nyepesi, lakini kabureta haijui. Inamimina petroli ileile. Gari la kisasa lina kihisio kinachopima hewa na kompyuta inapunguza mafuta yenyewe. Kabureta inasubiri binadamu. Tulifungua plagi kwenye uwanja wa nyumba ya wageni kwa mwanga wa simu: nyeusi tititi, masizi matupu kama chungu cha kijijini. Zilitakiwa ziwe na rangi ya chai ya maziwa.

Tukazisafisha. Kijana akageuza skrubu ya mchanganyiko akisikiliza, robo mzunguko, robo mzunguko. Halafu Babu akasema maadamu tumefungua, tuangalie pointi, vile vipande viwili ndani ya distribyuta vinavyokata na kuunga umeme.

Akatoa kwenye pochi yake kipande cha kadi. Ilikuwa kadi ya mchango wa harusi, imekatwa vizuri kwa mkasi, imeng'aa kwa grisi, maandishi ya dhahabu bado yanasomeka nusu: majina ya maharusi hayapo, imebaki "tunaomba mchango wako". Akaiingiza katikati ya pointi za distribyuta. Ikapita kwa kukwaruza kidogo. "Hapo," akasema.

Kijana naye akatoa fila geji yake ya chuo, mabamba membamba ya kupimia nafasi, akachagua bamba la milimita 0.4, kipimo kinachotakiwa, akaliingiza. Likapita kwa kukwaruza kidogo, vilevile. Wakatazamana. Babu akaomba ile fila geji, akaigeuza geuza mkononi, akafungua mabamba yote kama feni. Akasema: "Hii nzuri. Hii hata mtu ambaye hajawahi kuchangia harusi anaweza kuitumia." Na akaikalia kimya kwa muda, akibonyeza bamba moja baada ya jingine kwenye ncha ya kidole.

Jumamosi, Arusha hadi Nairobi

Peugeot inakwenda kama ilivyokuwa inakwenda na baba. Longido tumepita mapema, barabara tupu, twiga watatu kando.

Namanga ilituchukua saa mbili. Tangu mfumo wa kituo kimoja uanze, unamaliza uhamiaji na forodha za nchi zote mbili katika jengo moja la upande unaoingia, na kwa watu jambo hilo ni jepesi. Kwa magari tulihitaji kadi halisi ya gari, kibali cha kuingiza gari kwa muda, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua. Anayepanga safari kama hii akate Kadi ya Njano nyumbani kabla ya kuondoka, asiiache ya mpakani. Ofisa alitaka kuona nambari ya chesisi ya kila gari. Kwenye Land Rover ilibidi tufute tope kwanza.

Land Rover hiyohiyo ilipotakiwa kuondoka, betri kimya. Mwenyewe hakuhangaika kuomba kuunganishiwa waya. Akachomoa hendeli nyuma ya kiti, akaichomeka mbele chini ya bampa, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine ili ikirudi kinyume isimvunje mkono, akavuta juu mara moja, mara mbili. Ikawaka. Madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni walipiga honi zote pamoja. Vijana wa bodaboda wakaomba kujaribu, na akawaruhusu, akaizima na kuwafundisha mmoja mmoja mahali pa kuweka kidole. Tulichelewa nusu saa nyingine. Nadhani vijana wale wataikumbuka siku hiyo.

Kajiado, Kitengela, foleni, Nairobi. Wenyeji wetu walitusubiri barabarani na Peugeot 404, wakatutangulia hadi nyumbani kwao. "Karibuni sana wageni wetu. Hizi gari mmeziendesha kutoka Dar kweli? Hamkuzibeba?" Tukawaonyesha tope.

Jumapili, Ngong Racecourse

Sijawahi kuona magari mengi ya zamani mahali pamoja hivi. Yamepangwa kwenye majani, milango wazi, na wenyewe wamepiga magoti wakisugua rimu kwa miswaki ya meno. Majaji wanapita kwa timu, kila timu na sehemu yake: injini, ndani, bodi, chini ya gari. Jaji mmoja alilala chali kwenye majani na suti yake akiangalia difu kwa tochi. Nilimheshimu.

Wenzetu wa Nairobi wako mbele yetu kwa mambo mawili, na ninayasema bila wivu.

La kwanza ni kumbukumbu. Mzee mmoja alitufungulia sanduku la chuma lenye madaftari ya gari lake tangu alinunue mpya: kila oili, kila tairi, tarehe, kilomita, jina la fundi. Tulisimama pale saa nzima. Dada wa Beetle aliomba kupiga picha namna mistari ilivyopangwa.

La pili ni kwamba hawasubiri spea zitoke Ulaya. Kitu kisichopatikana wanakipeleka kwa mafundi wa jua kali, Kamukunji na kwingineko, wanakikereza. Mmoja alituonyesha bushi za mpira za 404 alizochongesha hapa hapa mjini. Alichukua ya zamani kama kipimo, akatengenezesha seti kumi, akagawia wenzake kwa bei ya gharama. Kumi, ambapo yeye alihitaji moja! Sisi Dar kila mmoja anahangaika na yake.

Tuliulizana pia kuhusu sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Kwetu unaweza kuingiza, lakini ushuru wa uchakavu unakubana. Maana yake ni kwamba magari haya hayaongezeki. Tulizo nazo ndizo hizi hizi, na likienda moja kwenye chuma chakavu halirudi.

Kuna jambo moja sikubaliani na baadhi ya wenzetu. Pale uwanjani palikuwa na magari yaliyoletwa juu ya lori, hayajaguswa na vumbi. Yanapendeza, na kazi iliyofanyika ni kubwa. Lakini sili za gari lisilotembea zinakauka, petroli inagandia kwenye kabureta, silinda za breki zinashika kutu kwa ndani, na mwenye gari hajui chochote kati ya hayo hadi siku anayotaka kutoka. Gari lililonivutia kuliko yote lilikuwa Volvo PV544, rangi imefifia, kioo cha mbele kina alama ya jiwe. Ni aina ileile aliyoshindia Joginder Singh Safari Rally mwaka 1965, yeye aliyeshinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Mwenyewe alikuja akiliendesha kutoka Nakuru na wajukuu watatu kiti cha nyuma, na jioni aliondoka nao hivyohivyo, mmoja amekaa mbele akishika ramani ya karatasi.

Kijana wetu hakuonekana mchana kutwa. Tulimkuta saa kumi chini ya Beetle la watu wengine, na mwenye Beetle ameketi pembeni anamshikia tochi.

Jumatatu, Kirinyaga Road

Wenyeji wanaiita Grogan. Maduka ya spea yamebanana, dari hadi sakafu. Tuliingia saa mbili asubuhi, tukatoka saa tisa.

Ufaransa iliacha kutengeneza saluni za 504 mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria waliendelea kuunganisha Peugeot hizo kwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo spea bado zimejificha kwenye rafu. Katika duka la nne, muuzaji alipanda ngazi akashuka na boksi lenye vumbi la kidole kizima. Ndani mna pointi za distribyuta, kila moja kwenye kiboksi chake cha karatasi, zimepakwa mafuta zisishike kutu. Ishirini na mbili.

"Unataka ngapi?"

Nilitaka mbili. Nikawakumbuka wale wa seti kumi. Nikamtazama Babu, Babu akamtazama mweka hazina wetu, ambaye ndiye mwenye Datsun na hazimfai hata moja. "Zote," akasema mwenye Datsun, akatoa pesa za mfuko. Tukaongeza pampu mbili za maji, vifuniko vitatu vya distribyuta, na fenibelti sita za Beetle.

Jumanne na Jumatano, kurudi

Hakuna la kusimulia, na hiyo ndiyo habari njema. Tumelala Same. Datsun ilipata pancha mara mbili. Kijana aliendesha Beetle kutoka Same hadi Korogwe, dada akiwa abiria kwenye gari lake kwa mara ya kwanza tangu baba yake afariki. Aliniambia alikuwa amesahau mlima Usambara unavyoonekana kutoka kiti kile.

Dar saa tatu usiku, mvua ndogo.

Jumapili ya kwanza ya mwezi

Tumekutana chini ya mwembe kama kawaida. Kijana amekuja na wanafunzi wenzake watatu wa VETA, mmoja wao msichana. Ameweka meza, juu yake distribyuta ya zamani iliyofunguliwa, daftari lenye mchoro wa puli, na boksi la pointi kutoka Grogan. Dada wa Beetle ameleta daftari jipya kwa kila gari, amechora mistari kama tulivyoiona Ngong, na kila mmoja ameandika kilomita za leo.

Msichana aliuliza inachomekwa wapi kompyuta. Babu akacheka, akaingiza mkono mfukoni akatoa ile kadi ya harusi, kisha akasita, akairudisha. Akamwomba kijana fila geji.

"Njoo hapa mwanangu," akamwambia msichana. "Shika hii. Tafuta bamba limeandikwa nne."

Mwezi ujao tunaanza kabureta.